Ni nini hasa hupunguza mauaji ya kidini?

Muulizaji

Ndugu zangu, kila damu inapomwagika kwa jina la dini, mambo hufuata mkondo ule ule: viongozi wa dini huitwa, huomba pamoja mbele ya kamera, hulaani yaliyotokea, kisha baada ya muda mauaji hurudi. Wapo wanaosema kwamba chanzo ni imani yenyewe, na wapo wanaoshikilia kwamba dini ni vazi tu la ugomvi wa ardhi na madaraka. Majibu yote mawili hayaniridhishi, kwa sababu la kwanza halielezi ni vipi waumini wa dini hizo hizo huishi kwa amani kwingineko, na la pili halielezi kwa nini nyumba za ibada huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchomwa. Naomba tujadili hatua ambazo kweli zimepunguza vifo.

Mtafiti

Umegusa penyewe uliposema "kwingineko". Mwanazuoni Ashutosh Varshney alichunguza mapigano ya Wahindu na Waislamu nchini India kuanzia 1950 hadi 1995, akakuta kwamba miji minane tu ilibeba karibu nusu ya vifo vyote, ilhali miji mingine yenye mchanganyiko wa waumini unaofanana ilikaa salama. Mji wa Aligarh ulikumbwa na ghasia mara kwa mara. Calicut, ambako Waislamu ni wengi vilevile, ulibaki na amani. Kule Calicut watu wa dini zote walikuwa wanachama wa vyama vile vile vya wafanyabiashara, vya wafanyakazi na vya siasa, hivyo uvumi ulipozuka walikuwapo watu wa pande mbili wenye sababu ya kuufuatilia na kuukanusha mapema. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi hudhani kwamba kutembeleana sikukuu kunatosha. Ujirani wa namna hiyo ni mwema, lakini katika miji mikubwa huvunjika upesi mwanasiasa anapotaka ghasia. Chama kinachobeba riziki za watu wa pande zote huwa kigumu zaidi kukipasua.

Mwanasheria

Nakubaliana na ndugu Mtafiti, ila vyama havina bunduki. Ghasia hugeuka mauaji ya halaiki pale polisi wanapochelewa, au wanapoonekana kuwa wa upande mmoja. Katika Ireland ya Kaskazini, ambako zaidi ya watu 3,500 waliuawa katika miongo mitatu, makubaliano ya amani ya 1998 hayakuwataka Wakatoliki na Waprotestanti wapatane juu ya imani. Yaliweka utaratibu wa kugawana madaraka, na kuanzia 2001 jeshi jipya la polisi likaajiri nusu Wakatoliki na nusu wasio Wakatoliki hadi 2011. Kuta za kutenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti katika Belfast, mji mkuu wa huko, bado zimesimama, lakini mauaji yamepungua mno.

Kuhusu uchochezi, tuwe waangalifu. Sheria za kukataza kukashifu dini mara nyingi hutumiwa dhidi ya wachache wale wale zinazodaiwa kuwalinda. Mpango wa Rabat, uliotokana na mashauriano ya Umoja wa Mataifa na kukamilishwa mwaka 2012, unaelekeza kwamba kabla ya kuadhibu maneno kama uchochezi, ipimwe hali ya mazingira, hadhi ya msemaji, nia yake, maneno yenyewe, upana wa kuenea kwake na uwezekano wa madhara. Kwa kipimo hicho, kinacholindwa ni watu, si mafundisho yao.

Mpatanishi

Naomba niwatetee viongozi wa dini, maana wanahukumiwa kwa picha za kamera. Imamu Muhammad Ashafa na mchungaji James Wuye wa Kaduna, Nigeria, waliwahi kuongoza makundi yaliyopigana; Wuye alipoteza mkono, na Ashafa akafiwa na mwalimu wake wa dini. Mwaka 1995 walianzisha kituo cha upatanishi, na vijana waliwasikiliza kwa kuwa walikuwa wenzao vitani. Mkutano wa watu ambao hawajawahi kuwa maadui hauwezi kuwa na uzito huo.

Muulizaji

Nashukuru. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa Aprili 2011 damu ilimwagika tena Kaduna. Je, hiyo si dalili kwamba kazi yao ilishindwa?

Mpatanishi

Ni dalili kwamba hawakupaswa kuachiwa mzigo peke yao. Mhubiri anaweza kumzuia kijana wa msikitini au kanisani kwake. Hawezi kumzuia mgombea anayefaidika na hofu, wala hawezi kumfikisha mahakamani muuaji wa ghasia zilizopita. Mfiwa anayemwona muuaji akitembea huru hujifunza kwamba kisasi ndicho kilichobaki mikononi mwake, na hapo maneno yetu hayamfikii tena. Kwa hiyo ningeanza na kesi: kila anayeua au kuchochea ashitakiwe kwa jina lake, bila dini yake kufikishwa kizimbani pamoja naye.