Nimeombwa kufundisha sande skuli, na mimi ni fundi cherehani tu. Nikubali?

mama_cherehani:
Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, hili jambo linaninyima usingizi. Mwalimu wa sande skuli wa mtaa wetu anahama, anamfuata mume wake Dodoma, na mwinjilisti kaniambia wazee wamekaa wakaona mimi ndo niwashike wale watoto. Sasa jamani mimi darasa la saba, nashona sare za shule na vitenge hapa barazani, kusoma nasoma ila polepole na nikisimama mbele za watu sauti inakauka kabisa. Pale kanisani kuna walimu wa sekondari, kuna nesi, kuna dada kasoma chuo cha Biblia, kwa nini mimi? Nimeomba sijasikia chochote, naogopa tu kupotosha watoto wa watu. Mungu kweli anamtumia mtu wa hivi au niwaachie wanaojua?

babu_kwaya:
Amina mama. Soma Kutoka 4 taratibu. Musa alisema yeye si msemaji, ulimi mzito, na Mungu hakumwambia nitakuondolea huo uzito, alimwambia nitakuwa pamoja na kinywa chako, kisha akampa Haruni wa kumsaidia. Na mwanzoni kabisa alimuuliza una nini mkononi. Fimbo! Ile ile ya kuchungia mifugo ya mkwe wake. Kubali mama.

ticha_mbeya:
Naungana na babu ila tusimpe moyo halafu tukamwacha hewani. Mimi nafundisha shule ya msingi. Hiyo hofu ya kupotosha watoto usiifukuze, ndiyo itakufanya ujiandae. Usisome mbele yao. Isome habari nyumbani katikati ya wiki, irudie mpaka uweze kumsimulia jirani bila kuangalia, Jumapili unafunga Biblia unasimulia, mstari mmoja tu ndo unausoma. Watoto wadogo hawaulizi cheti, wanaangalia kama unayajua majina yao na kama jana ulimuona kalia leo unamuuliza vipi. Wasomi wengi wakipewa sande skuli wanahutubia kama kidato cha tatu, watoto wanalala.

lejio_iringa:
Mimi mkatoliki lakini naomba niingie. Edel Quinn wa Ireland alikuwa sekretari wa ofisi Dublin, akataka utawa, kifua kikuu kikamzuia. 1936 akatumwa Nairobi na Lejio ya Maria, chama cha walei wa kikatoliki, akazunguka Afrika Mashariki yote mgonjwa vile vile akianzisha vikundi, akafia Nairobi 1944 ana miaka 36. Na kazi yenyewe ilikuwa kutembelea watu, kukaa nao kwenye mkutano, kuandika barua. Mambo ya kawaida kabisa, na mpaka leo vikundi vipo maparokiani kwetu.

dada_wa_shilo:
Mama mpendwa mi nakuombea, ila nina wazo la somo la kwanza, 1 Samweli 2:19. Mama mmoja aitwaye Hana alikuwa anamtengenezea mwanawe Samweli kanzu ndogo anampelekea mwaka kwa mwaka. Mtoto anaishi hekaluni Shilo kwa mzee Eli, mama hana wa kumpima, inabidi akisie kakua kiasi gani. Hapo hata mchungaji hawezi kulieleza kama wewe! Shona vikanzu kwa vipande vya vitambaa, kimoja kidogo, kingine kikubwa zaidi, uwaoneshe Samweli alivyokua na mama yake hakumsahau.

mama_cherehani:
Jamani mbarikiwe. Hapo kwa Hana nimelia, maana wazazi wananiletea kitambaa cha mtoto aliyeko bweni, nikiuliza kakua kiasi gani hawajui, basi naacha pindo nene ili ikimbana waiachie. Kumbe hili nalijua! Vipande ninavyo gunia zima. Jioni naenda kwa mwinjilisti kumwambia ndiyo, na nitamuomba yule dada wa chuo cha Biblia awe ananisikiliza Jumamosi kabla sijasimama, kama Haruni hivi. Hofu bado ipo lakini naenda nayo. Ticha, mtoto akiniuliza nisilolijua nafanyaje?

ticha_mbeya:
Mwambie swali zuri sana, ngoja nikamuulize mchungaji, Jumapili ijayo nakuletea jibu. Halafu ulilete kweli, maana watakukumbusha.