Album ya stika na kadi za Pokémon: mwenye nazo hapa Malindi auze eBay au auze humu humu kwetu?

Mleta mada, Shella ya Malindi

Assalaam alaykum, na wengine wote hamjamboni. Nataka tuongee hili waziwazi maanake naona watu wanatupa mali. Juzi kijana wa mtaani kwetu kauza kadi arubaini za mchezo wa Pokémon, zile za Kiingereza za 1999, shilingi 2,000 zote jumla, mnunuzi kaja na tuktuk kazitia kwenye bahasha ya kaki kaenda zake. Hakuna aliyejiuliza hizi huko nje zinaenda ngapi. Iliniuma kama vile ni zangu.

Na mimi nnayo yangu pia. Ami yangu alikuwa mpishi kwa mzee wa Kiitaliano kule Casuarina, mzee aliporudi kwao akamuachia masanduku mawili, na ndani mna album ya Panini ya Italia 90, ya kubandika stika za wachezaji wa Kombe la Dunia la 1990. Imekosa stika sita tu. Maradona yupo, Baresi yupo, Maldini yupo bado kijana mdogo. Mgongo wa album umeliwa kidogo na mende lakini kurasa ziko sawa. Panini ni kampuni ya stika ya Modena, Italia, ilianza 1961, na album yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ni ya Mexico 1970, na sisi tuliokua karibu na watoto wa Kiitaliano hapa tunajua ule wimbo wao wa kubadilishana, celo, celo, manca, yaani ninayo, ninayo, hii sina. Kwa hivyo si kitu kigeni Malindi.

Sasa jamaa wa Facebook kanambia album ataichukua 1,500. Nikaingia eBay, lile soko la mtandaoni, na hapa naomba mnisikilize vizuri, sikuangalia bei walizoandika watu, maanake kuandika hata mimi naweza kuandika milioni nikangoja mpaka kiama. Nimeangalia vitu vilivyokwisha kuuzwa, kuna sehemu ya kuchagua hivyo, inakuonyesha mtu kalipa ngapi na tarehe gani. Album kama yangu, isiyokamilika, imekwenda kama mara nne ya hio 1,500, yaani elfu sita, tena si mara moja.

Msimamo wangu ni huu: kadi au album ya zaidi ya elfu tano isiuzwe Facebook wala WhatsApp ya hapa. Iende eBay. Mnasemaje?

Wa Barani

Mimi sikubaliani na wewe hata kidogo ndugu yangu. Unahesabu pesa ya kuingia huhesabu ya kutoka. Hio elfu sita yako, eBay wanakata asilimia 13 na kitu, hapo imeondoka kama mia nane. Album ni nzito, si barua, ukapime Posta wakutajie bei mpaka Ulaya kisha uje hapa utuambie. Tena pesa yenyewe haiingii M-Pesa moja kwa moja, inapitia akaunti nyengine kama Payoneer ndio uitoe, na kila mlango una mtu anadai chake.

Na nna sababu ya kusema. Nshauza kadi moja ya Charizard, yule joka wa Pokémon, kwenye soko moja la nje, jina lake silitaji, nikaituma kwa barua ya kawaida kwa kuwa rejista, ile yenye namba ya kufuatilia, niliiona ghali. Mwezi ukapita na siku zake, mnunuzi anasema haijafika. Wakamrudishia pesa yake yote, na kadi mpaka leo sijui iko wapi, niliilea miaka tisa ile kadi. Hapa Malindi mtu akinidhulumu namjua kwao, namjua mamake, nitaenda kubisha hodi. Huko nje nitabisha hodi wapi?

Wa Watamu

Hapa kwetu pia mnaibiwa tu, meseji feki za M-Pesa hamzijui? Mtu anakuonyesha meseji yuko na haraka, kadi yuaitia mfukoni, ukiangalia salio halijabadilika. Usitoe kitu mkononi mpaka salio la simu yako mwenyewe limesoma. Hata awe jirani.

Mleta mada

Wa Barani, pole sana, wallahi nimeumia kusoma. Lakini tuseme ukweli, kilichokuangusha ni barua isiyo na namba. Masoko yote makubwa yamejengwa kumlinda anayenunua, mnunuzi akisema haijafika basi ni juu yako wewe kuonyesha imefika, na huwezi kuonyesha kama huna namba ya kufuatilia, ile ndefu inayoishia na KE. Kadi moja ni nyepesi, rejista yake unaihesabu ndani ya bei tangu mwanzo, mnunuzi ndiye anailipa.

La album nakubali, uzito sikuupima. Jumatatu naenda Posta napima.

Wa Amu, Langoni

Nimewasoma wote na naona mwabishana juu ya masoko mawili tu, na masoko si mawili. Mimi nimeanza na Magic miaka mingi, kadi za mchezo ambazo Richard Garfield alizitoa 1993, nilifundishwa na wageni waliokuwa wakikaa nyumba moja hapa karibu na ngome, na nikanunua kwa kutumia ndugu wa nje, kwa hivyo nimezipitia karibu zote.

eBay ni mnada na ni duka, kila kitu kipo, kuanzia kadi mpaka bawaba za mlango. Uzuri wake ni kwa kitu adimu, kitu ambacho hakina bei moja, kwa sababu watu wawili wakikitaka watapandishana wenyewe. Kadi ya kawaida ukiipeleka eBay ni kupoteza wakati. Huko Marekani ziko nyumba nyengine, TCGplayer, hio ni ya kadi za mchezo tu, unatafuta jina la kadi unaletewa wauzaji wote wamepangwa kwa bei na hali ya kadi. eBay wameinunua 2022 kwa dola zilizofika milioni 295, kwa hivyo msidhani ni mahasimu. Komisheni yao nayo inapita asilimia 10. Lakini muuzaji lazima awe Marekani, kwa hivyo mimi na wewe tunaitazama dirishani.

Cardmarket ni ya Wajerumani, imeanza 2007, inahudumia Ulaya. Kwangu mimi hii ndio bora kuliko zote na nasema bila kusita. Wanakata karibu asilimia 5 tu, hakuna mnada, na kila kadi ina mchoro wa bei ulivyokwenda siku zilizopita, unaona inapanda au inashuka. Nayo pia wauzaji na wanunuzi ni wa Ulaya. Mimi natumia binamu yangu yuko Ujerumani, kadi zinafika kwake, akija likizo anazileta kwenye begi lake.

Na kitu kimoja watu wa hapa hawakijui kinawatia hasara: hali ya kadi haisemwi namna moja. Kwa Wamarekani chini ya Near Mint, yaani karibu mpya, kuna Lightly Played, imechezewa kidogo, halafu Moderately Played, imechezewa kiasi. Ulaya kati ya Near Mint na hizo zilizochezewa wameweka Excellent na Good. Kwa hivyo ukimwambia mtu wa Ulaya kadi yako ni Good ukidhani umeisifu, yeye anaelewa ni kadi iliyochoka. Nimeona kijana wa hapa Amu akijipunguzia bei mwenyewe kwa neno moja.

Mama wa Maweni

Samahanini wanangu mimi si mjuzi wa haya, nna kijana wa miaka kumi na tatu anamaliza pesa ya nauli kwa hizi karatasi. Ananunua pakiti duka la vitu vya plastiki, shilingi hamsini, kila pakiti anatoa kadi ya dhahabu inang'aa na anafurahi eti ana mali. Nataka mtu mzima mmoja aniambie ukweli, ile ni mali au si mali?

Mleta mada

Mama shikamoo. Si mali mamangu, na nakwambia kwa heshima. Pakiti ya kweli haiuzwi shilingi hamsini popote, na haitoi kadi ya dhahabu kila ukifungua. Mwambie afanye hivi usiku: azime taa, awashe tochi ya simu, aiweke nyuma ya kadi. Kadi ya kweli ya Pokémon katikati yake mna tabaka jeusi jembamba, mwanga unazuilika. Za plastiki na karatasi laini zinapitisha mwanga kama karatasi ya daftari. Halafu atazame nyuma, ule ubuluu, feki nyingi umepauka au umeingia uzambarau. Akishajua hivyo hatodanganyika tena, na usimtupie zile alizo nazo tafadhali, acha achezee, mchezo ni mchezo.

Wa Barani

Mama hata wakubwa wanadanganywa. Yule Logan Paul wa Marekani, wa video za YouTube, alilipa dola milioni 3.5 kwa sanduku la pakiti za Pokémon za toleo la kwanza, limefungwa, limekaguliwa na wataalamu likapigwa muhuri, walipolifungua Januari 2022 ndani mkatoka kadi za G.I. Joe, wale wanasesere wa askari. Milioni tatu na nusu za dola! Ndio maana mimi nasema kitu nikitie mkononi, nikiguse, nikinuse. Picha haina ushahidi.

Wa Amu, Langoni

Hapo umejipinga mwenyewe kaka. Lile sanduku lilitiwa mkononi na wakaguzi, na bado. Kushika hakutoshi kama hufungui. Lakini kwa kadi moja moja ziko njia, eBay ya Marekani kadi ya dola 250 kwenda juu inapitia kwanza kwa mkaguzi wao ndio imfikie mnunuzi. Na ziko kampuni za kupima kama PSA, tangu 1991, wanaipa kadi namba mpaka 10 na kuifunga ndani ya plastiki ngumu. Kwetu sisi kupeleka kadi mpaka Marekani kupimwa kisha irudi, gharama inakula kadi yenyewe, labda uwe na kitu kikubwa sana.

Na kuna jambo la hewa yetu ya pwani ambalo hakuna soko litakusaidia. Kadi zenye ule mng'ao zinapinda kwenye unyevu, upande wa mng'ao haunywi maji upande wa karatasi unakunywa, basi zinajikunja kama ganda la mua. Mimi naweka slivu, ule mfuko mwembamba wa plastiki, kisha ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko kigumu na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Nimeona watu wanabandika ukutani upande wa bahari kisha wanashangaa kaskazi ikivuma.

Ustadh wa Kisumu Ndogo

Nawasikiliza vijana na mjadala wenu ni mzuri, hakuna matusi. Kununua na kuuza kadi inayojulikana, kwa bei inayojulikana, sina neno. Lakini nimeonyeshwa na mwanafunzi wangu biashara ya moja kwa moja kwenye simu, hii ya Whatnot na wenzao, mtu anafungua masanduku mbele ya kamera, wewe umelipia nafasi, pengine timu fulani, akitoa kadi ya timu yako unapata, asipotoa umelipa hewa. Hio kwangu ni gharar, umelipa kitu usichokijua na huna hakika ya kukipata, na inafanana sana na kamari. Vijana wetu wameshaumia na kamari za simu vya kutosha. Msiwafungulie mlango mwengine kwa jina la kadi.

Mleta mada

Ustadh hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja na siongezi.

Narudi kwa wa Barani. Nimekwenda Posta leo, nimebeba album imefungwa kwenye kadibodi, imepimwa. Ulisema kweli, baada ya uzito na komisheni elfu sita yangu inabaki elfu tatu na kitu. Bado ni mara mbili ya 1,500, lakini si mara nne, na nimekosea kuwaambia watu mara nne bila kupima. Kadi nyepesi mbali, album mbali. Na anayeuza Marekani ajue tangu tarehe 29 Agosti 2025 ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 umeondolewa, kwa hivyo mnunuzi wa huko anaweza kudaiwa juu ya bei yako, mwambie kabla hajalipa.

Lakini lile la kwanza silirudishi nyuma: ile bei ya vilivyouzwa iangaliwe kabla ya kutamka bei yoyote, hata kama utauza kwa jirani. Yule kijana wa kadi arubaini hakuhitaji kutuma kitu Ulaya, alihitaji dakika kumi tu na bando.

Wa Barani

Hilo nakubali. Nikiuza hapa hapa Malindi, nauza kwa bei nnayoijua. Lakini nauza hapa hapa.

Mimi ile album naichukua kwa elfu tatu na mia mbili, pesa mkononi, kabla haijaliwa na mende wengine. Nna stika nne za Italia 90 zimelala kwenye daftari, hata sijui kama ni kati ya zile sita.

Mleta mada

Nitajie namba zake kwanza. Kama mbili kati ya hizo nazikosa, siuzi tena, tutabadilishana. Kesho baada ya Alasiri niko Buntwani, nakuja na album, wewe njoo na daftari.