Huyu ticha wa English wa laivu leo kanidhalilisha kwa chai yake ya paka na mbwa

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, mods msiunganishe huu uzi na mwingine. Yule ticha wa English wa laivu mnamjua wote, yule wa tai nyekundu, sina haja ya kumtaja. Leo kafundisha "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa. Akaanza vizuri, halafu akamwaga chai: eti zamani Uingereza nyumba zilikuwa za nyasi, paka na mbwa wanalala juu ya paa kutafuta joto, mvua ikija nyasi zinateleza wanaporomoka, ndo msemo ukazaliwa. Na watu wanaandika notsi!

Nikaomba maiki kwa adabu zote, nikasema ticha shikamoo, hiyo hadithi ilisambaa kwenye imeili za kuforwadi mwaka 1999, na... Sijamaliza sentensi. "Kaa kimya wewe wa shule ya kata." Kanizima maiki. Mbele ya watu ambao nusu yake nasali nao!

Hivi mbwa anapandaje paa? Na hilo joto analifuata juu ya paa kwenye upepo? Nilichotaka kusema ni kwamba mwaka 1651 mshairi Henry Vaughan alishaandika kuhusu paa la kukinga bidhaa hata mbwa na paka wakinyesha, yaani paa ndo linazuia, sio linaangusha! Miaka hiyohiyo Richard Brome kwenye mchezo wake wa jukwaani akaweka mvua ya mbwa na vicheche. Jonathan Swift mwaka 1710 akatunga shairi la mvua ya London, maji machafu yanabeba paka waliokufa na watoto wa mbwa waliozama, na 1738 msemo wenyewe umo kwenye kitabu chake. Wataalamu hadi leo hawajakubaliana ulianzaje, ila ya paa wameikataa. Hayo yote ningeyamaliza kwa dakika mbili. Kanizima maiki jamani. Wa shule ya kata, mimi! Emoji za kucheka zikapanda mpaka simu ikaganda, kumtumia meseji nimuulize kosa langu nini, kaniblok.

Mtu anayeogopa swali asijiite ticha.

kobe_wa_mjini: Povu la kufulia mashuka ya gesti nzima. Kata umesoma hujasoma? Jibu hilo kwanza.

Mleta uzi: Nimesoma kata na nimefaulu, hoja ni kuzimiwa maiki sijamaliza sentensi!!

bintikisima: Pole mkuu. Mimi alikula hela yangu ya PDF, kanitumia kurasa kapiga picha kichwa chini, nikimuuliza ananiambia niwe mvumilivu.

Mzee Kifimbo: Uzi bila skrinshoti ni batili.

dagaa_kauzu: Afadhali nyie. Juzi alifundisha "saved by the bell", eti zamani watu walizikwa na kamba mkononi, ukizinduka kaburini unavuta kengele. Majeneza ya hivyo yalitengenezwa kweli karne ya 19, ila msemo umetoka kwenye ngumi, bondia anakaribia kulala chini kengele ya raundi inalia, kapona. Nikaandika kwenye komenti, kafuta.

Mleta uzi: Umeona!! Wewe kakufutia komenti, mimi kanizima maiki mbele ya

kobe_wa_mjini: Hahaa hata hapa kazimiwa.

refa_kipofu: Hapo kwenye ngumi mmenigusa. Lile pambano la mwezi uliopita nimelipia VIP, kufika kiti kiko nyuma ya nguzo. Raundi zote naona glavu moja tu.

bintikisima: Nguzo ya upande wa chooni?

refa_kipofu: Hiyohiyo! Na ulingo umepigwa kivuli na jitu la kamera.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, mtu kanitukana shule yangu hadharani.

dagaa_kauzu: Subiri kwanza mkuu. Refa, hela walikurudishia?

refa_kipofu: Wapi! Promota simu haipokei mpaka leo. Na maji ya kunywa walikuwa wanauza bei ya soda mbili.

Mzee Kifimbo: Huyo promota namdai toka pambano la kabla ya hilo. Fungua uzi wake, nakuja na risiti.