Mulijifunza esheki mukiwa bakubwa? Kujeni tupeane uzoefu

Pioni wa Ndosho (Goma)
Bandugu, jambo yenu. Niko na miaka 43 na tangu mwezi wa tatu nimejitia mu esheki, ile benye kuwa Kenya na Tanzania banaitaka chesi ao sataranji. Ilianza vile: mtoto wangu wa miaka 10 alitoka nayo kwa masomo, akaniomba tucheze, nikasema hapo kuko nini tena, mi dami (ile drafti) naichezaka tangu utoto. Akanipiga mati, ni kusema mfalme anapigwa na hana pa kukimbilia, mara ine. INE. Fu yake (ile inatembeaka kona) kwa mraba ya c4, malkia kwa h5, mi niko natoa farasi zangu polepole kama mutu mwenye akili, kushituka malkia imeshaingia f7 na mfalme wangu hana pa kwenda. Mama yake alikuwa pale anachambua maharagi, alicheka mpaka akaacha kuchambua. Nilikuja kujua nyuma kama ile mutego Bafaransa banaitaka ya muchungaji, na inapita juu kile kipioni cha f7 mwanzo kinalindwa na mfalme peke yake.
Sasa niambieni, nini ilibatesa na nini ilibafungua? Musiniambie "soma kitabu", nataka ile yenye ilibafikia wenyewe.

Fundi Moto (Birere)
Papa Pioni pole lakini nimecheka. Mi ni mutu wa dami kabisa, ile ya bifuniko bya chupa, miraba 100, tunachezaka tukingoja bakiliya ya kutengeneza pikipiki. Na ile dami njo iliniharibia. Kwa dami kukula ni sheria, ukiachiliwa pioni utakula tu hata ukiona shimo iko nyuma yake. Basi mukono ikazoea. Kwa esheki hakuna mwenye anakulazimisha kukula, lakini mi nilikuwa nakula kila kitu, mutu ananitupia kipioni huko mbali, malkia yangu inakimbilia, inakula, halafu inafungiwa huko kama mbuzi ya mulevi. Miezi mbili hivyo. Tena pioni zenyewe zilinichanganya, kwa dami inatembea kona na inaweza kukula mpaka nyuma, huku inatembea mbele lakini inakula kona, na ikishapita imepita, hairudi.
Kilichonisaidia mutanicheka: yaya mumoja aliniambia ukiona nyama mbele yako, kalia mikono. Nikakalia kweli, chini ya mapaja. Juu tunachezaka ukigusa umecheza, sasa mukono yenye kukaliwa haigusi kitu. Niliacha kupoteza malkia ovyo, sasa napoteza kwa heshima.

Mama Cherehani (Kadutu)
Mi niko Bukavu, nilianza na miaka 36 kwa simu, usiku batoto bakishalala. Lichess ni ya bure kabisa, haina matangazo, na mega zikiisha unacheza na mashine yenyewe bila intaneti. Ilinipa alama 1500 nikafikiri kumbe niko mutu! Wiki moja nikateremka mpaka 900 na kitu. Musishituke, ile 1500 banapatiaka kila mugeni.
Yenye ilinitesa ni R. Nilikuwa na kitabu ya zamani ya Kifaransa, mule R ni mfalme, T ni munara, C ni farasi. Halafu naangalia video za Kiingereza, huko R ni munara na farasi ni N. Nikiona Rxe8 najiuliza, huyu mfalme wao anarukaje mpaka e8 siku moja, mbona wangu anatembea mraba moja moja kama mwenye kuuma goti? Wiki nzima, weye. Na hakuna mwenye aliniambia, nilijivumbulia mwenyewe nikiwa napinda suruali ya mutu.

Mulushois (Katuba)
Bonjour ba Kivu. Huku L'shi (Lubumbashi) tunacheza kwa kibao ya mbao, farasi moja ilipotea tukaweka bulo. Mi yangu ni pati. Tulikuwa tunachezea bia mbili za Simba, niko na malkia na minara yote mbili, ye mfalme peke yake, tena kwa kona, h8. Nilishaanza kuita mwenye baa. Nikaweka malkia kwa g6 kwa madaha, nikasema mati. Mzee mwenye kuangalia anasema mati wapi, mfalme hajapigwa, lakini hana mraba ya kwenda na hana kingine ya kuchezesha: pati, hakuna mushindi. Tulikunywa kila mutu ya kwake, mi nikalipa yangu kwa uchungu. Tangu pale nikishinda sana njo naogopa zaidi, nahesabu miraba ya mfalme wake mbele ya yangu.

Kivu Usiku
Mi nilikuwa karibu kupigwa ngumi. Pioni ya mwenzangu iliruka miraba mbili ikakaa pembeni ya yangu, nikaikula kwa kupita, akasema nimeiba. Sheria iko, mara moja tu, palepale, ukingoja zamu moja imepotea. Nenda ueleze hiyo mutu mwenye hasira.
Na musijilinganishe na batoto. Gukesh wa Uhindi alipata ubingwa wa dunia mu 2024 na miaka 18. Mi nikiwa na 18 nilikuwa nauzisha kredi.

Pioni wa Ndosho
Aksanti mingi. Papa Fundi, nimejaribu ile yako. Jana nimecheza na mtoto wangu, ameleta tena malkia yake h5, mi naangalia dakika nzima, kumbe pioni ya g kwenda g6 inamufungia njia na tena inamufukuza! Akainua macho. Tukafika mwendo ya 31, sijawahi. Mwisho amenipiga tu, na minara. Lakini katikati pale aliniuliza, "Papa, mikono yako iko wapi?"

Fundi Moto
😂😂 Usimwambie.