Jedwali la vihatarishi limerudi na maneno matatu ya wino mwekundu. Wakuu mnaandikaje?

Luteni_Mpya

Wakuu, jambo.

Nipo kwenye kozi ya makamanda wa platuni. Zoezi linalokuja ni la usiku: msafara wa magari 12 unaondoka saa nne, unakwenda kilomita 30 hivi za barabara ya vumbi bila taa, unavuka mto mahali pasipo na daraja, kisha askari wanashuka na kuelekea shabaha kwa miguu kabla hakujapambazuka. Kazi yangu katika mpango ni jedwali la vihatarishi.

Tulipewa la kozi iliyotangulia liwe mfano, nami nikalifuata. Mistari ishirini na kitu: ajali ya gari, kuzama, nyoka, radi, joto, kupotea, risasi kufyatuka. Mbele ya kila mstari kuna hatua ya kupunguza hatari: "madereva wawe makini", "askari wakumbushwe usalama". Uwezekano, karibu kote ni "mdogo".

Mkufunzi hakukosoa mstari hata mmoja. Juu ya ukurasa ameandika tu: "Nani, saa ngapi?"

Naomba msaada kwa mambo matatu. Hatari za kweli mnazipataje, badala ya hizi za kila zoezi? Huo uwezekano unapimwaje wakati wote tunakisia? Na anayesaini kwamba "hatari hii tunaikubali" ni nani? Nina nyota moja tu begani.

---

Mzee_wa_Mipango

Jambo Luteni.

Mkufunzi wako amekuonea huruma, mimi ningekurudishia bila hata hayo maneno matatu. Jedwali ulilolieleza linafaa zoezi lolote la jeshi lolote, ndiyo maana halifai lako. "Ajali ya gari" ni jina la faili. Hakuna mtu anayeweza kuizuia kwa sababu hajaambiwa itatokea wapi.

Nimestaafu, ila miaka mingi niliyokaa meza ya operesheni nilikuwa na utaratibu mmoja. Jedwali weka kando kabisa. Chukua ramani na ratiba, uende na msafara kwa kidole tangu gari la kwanza linapowashwa. Kila kinapobadilika kitu, simama: mwanga, ardhi, mwendo, anayeongoza, masafa ya redio. Watu wengi huumia kwenye maungio ya mpango, pale kazi ya huyu inapoishia na ya yule kuanza.

Tufanye la kwako. Saa nne taa zinazimwa. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, kwa hiyo kama madereva wamepakia mizigo chini ya taa kali mpaka dakika ya mwisho, kilomita za kwanza wataziendesha kwa kupapasa. Mnatumia miwani ya kuonea usiku? Ile ya kawaida humpa dereva nyuzi 40 hivi za kuona, na kukadiria umbali kwa miwani hiyo ni shida. Sasa ongeza vumbi. Gari la tatu linatimua, la nne halioni kitu. Dereva aliyepotewa na gari la mbele hapunguzi mwendo, anakanyaga mafuta alifikie. Wa nyuma yake naye hivyohivyo. Kichwa cha msafara kinatambaa, mkia unakimbia kwa mishtuko. Halafu gari la kwanza linafika mtoni na kusimama.

Hapo ndipo unaandika: "Kuanzia kilomita ya 25 hadi ukingo wa mto, saa tano na nusu hadi saa saba usiku, magari ya nyuma yanaweza kuyagonga ya mbele yanaposimama, kwa sababu vumbi na giza vinawazuia madereva kuona na mkia unakwenda kasi kuliko kichwa." Ndiyo, ni ndefu. Lakini hatua za kuchukua zinatoka zenyewe: mwendo wa gari la kwanza uwekewe kikomo, msafara usimame mahali pa kungojea mita 500 kabla ya mto, kila gari liwe na taa ndogo iliyofunikwa nyuma, na awepo mwongozaji wa miguu pale pa kusimama. Kila moja ina mtu na ina saa.

Na usiyadharau magari ukidhani kifo cha jeshini huletwa na risasi. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilihesabu ajali 3,753 za magari ya kijeshi ya Jeshi la Nchi Kavu na la Marine katika miaka ya fedha 2010 hadi 2019, zote nje ya mapigano. Waliokufa ni askari 123. Sababu zilizojirudia ni dereva kukosa umakini, usimamizi kulegea na mafunzo haba. Mbili kati ya hizo tatu ni za wakubwa wa dereva.

Mto. Usiulize kina ni kiasi gani, uliza kilipimwa lini. Mkipima adhuhuri na kuvuka saa saba usiku, katikati kuna saa kumi na tatu za mvua ambayo huenda inanyesha mbali huko juu usikoiona. Chomeka mti wenye alama ukingoni, waache askari wawili na redio, wasome kila nusu saa. Na amua mchana, ukiwa na akili zako zote: maji yakifika alama hii hatuvuki, tunageukia njia ya pili. Usiku, kamanda aliyechelewa na anayesubiriwa ng'ambo atapata sababu tamu kabisa za kuvuka.

Kwa hilo la namba ya kusitisha, soma habari za Eagle Claw ya Aprili 1980, Wamarekani walipokwenda kuokoa mateka wao Tehran. Walikubaliana tangu awali kwamba bila helikopta 6 nzima kazi haiendelei. Ziliruka 8. Moja iliachwa njiani, ya pili ilirudi baada ya vyombo vyake kuharibika ndani ya wingu la vumbi, ya tatu ilikutwa na hitilafu ya haidroliki ikiwa imeshatua jangwani. Zikabaki 5. Kamanda akaomba kusitisha, Rais Carter akaridhia. Watu hukumbuka yaliyofuata, helikopta kugonga ndege ya C-130 wakati wa kuondoka na watu 8 kufa, wakasema mpango wote ulikuwa wa hovyo. Mimi nasema ile namba ilifanya kazi yake. Kilichoniuma zaidi niliposoma ni lile vumbi: wataalamu wa hali ya hewa walilijua na lilikuwa limeandikwa, ila kwa ajili ya usiri hawakuruhusiwa kukaa na marubani wa helikopta wakawaeleza. Hatari iligunduliwa ikabaki kwenye kiambatisho.

Uwezekano usikuumize kichwa. Wamarekani wana ngazi tano za uwezekano na nne za madhara, majeshi mengine yana zao, zote ni za kukulazimisha ufikiri. Jiulize kuhusu hawa watu, si kuhusu watu kwa jumla. Madereva wako wangapi wamewahi kuendesha usiku bila taa? Kama nusu yao hawajawahi, neno "mdogo" umelitoa wapi? Tena angalia: kwenye jedwali lao, jambo lenye uwezekano wa chini kabisa lakini madhara makubwa kabisa bado linakaa ngazi ya kati. Halishuki kuwa dogo kwa kuwa halijatokea mwaka huu.

Kusaini. Kanuni za jeshi lako ndizo zinazosema cheo gani kinakubali kiwango gani, na kinachosainiwa ni hatari iliyobaki baada ya hatua zako, si ile ya mwanzo. Kama kinachobaki kinazidi nyota yako, kipeleke juu. Kipeleke mapema, mkubwa akiwa bado na muda wa kukutafutia boti ya uokoaji au kusogeza saa ya kuvuka. Ukimpelekea injini zinanguruma, unachomwomba ni saini tu, naye atakupa saini tu.

---

Sajini_Magari

Afande amemaliza, mimi naongeza la upande wetu.

Luteni, madereva wako watalala saa ngapi? Hilo sijawahi kuliona kwenye jedwali lolote la afisa mwanafunzi. Ratiba huandikwa kwa ajili ya askari wa miguu. Dereva anaamka alfajiri kukagua gari, mchana kutwa anapakia, jioni yupo kwenye maelekezo, saa nne anashika usukani. Wale wa nyuma wanakoroma njia nzima. Mkifika mtoni, aliyechoka kuliko wote ndiye mliyemwachia roho zenu. Andika jina la mtu atakayewaondoa madereva kwenye upakiaji saa nane mchana na kuwalinda wasisumbuliwe, maana wakilala bila mlinzi kuna mtu atawaamsha kuhamisha majerikeni.

Lingine ni mkanda. Barabarani nataka kila aliyeketi afunge. Mtoni sitaki mtu avuke amefungwa na mzigo mgongoni. Kwa hiyo kati ya barabara na maji lazima iwepo amri: fungua mikanda, vua mizigo, fungua milango. Nani anaitoa? Palepale pa mita 500 alipopasema afande panatosha kabisa.

Na masanduku ya risasi yafungwe kwa kamba. Gari likipinduka, sanduku halichagui pa kuangukia.

---

Kofia_Kijani

Naheshimu wakubwa waliotangulia, lakini mnamfundisha kijana kuwa karani. Taa nyuma ya kila gari, waongozaji kila kona, msafara umesimama mita 500 kabla ya mto umekaa kama bata. Adui mwenye kombora moja atawashukuru. Jeshi linaloogopa ajali kuliko adui litafika salama na kushindwa.

---

Mzee_wa_Mipango

Kofia, nusu ya maneno yako nayakubali, na hiyo nusu inatakiwa kuwamo kwenye jedwali. Wamarekani wenyewe walikuwa na mazoea ya kutenganisha, hatari za adui ziko kwa watu wa operesheni, za ajali ziko kwa afisa usalama. Mwaka 2006 mwongozo wao wa nchi kavu ukaziweka pamoja, kwa sababu kila ukigusa moja unaitikisa nyingine. Ukiachanisha magari ili bomu moja lisichukue mawili, umewapa madereva wa nyuma nafasi ya kupotea. Ukiyabana wasipotee, umempa adui shabaha nono. Jibu sahihi la kudumu halipo, kuna la usiku huo, na kuna mtu anayelichagua akijua anauza nini. Nimewahi kuidhinisha msafara usiokuwa na taa hata ndogo, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na macho. Nililiandika hivyo na kamanda wa kikosi akasaini.

Kama unadhani adui na ajali huja siku tofauti, tazama zoezi la Tiger, Aprili 1944, Wamarekani wakijiandaa kushuka Normandy, Ufaransa, mazoezi yakiwa kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Manowari moja ya kusindikiza ilikuwa bandarini kwa kuwa ilikuwa imegongwa. Masafa ya redio yaliandikwa vibaya, meli za askari zikawa hazisikii onyo. Boti za Wajerumani zikaingia katikati yao usiku. Walikufa watu wasiopungua 749, na sehemu yao hawakuuawa na torpedo, makombora ya majini. Walikuwa wamepewa maboya ya kujiokoa, wakayafunga kiunoni badala ya chini ya kwapa. Mtu mwenye mzigo akiingia majini, boya linampindua kichwa chini. Boya lilitolewa, kila askari alikuwa nalo. Hakuna aliyewaingiza majini na mizigo yao kabla ya siku hiyo akaona linavyokaa.

Ndiyo maana namsumbua Luteni kuhusu nani na saa ngapi. Karani angeandika "maboya yatolewe" akaweka tiki.

---

Luteni_Mpya

Ahsanteni sana wakuu. Nimekaa na ramani jana jioni. Ile mistari ishirini na kitu imebaki saba. Nyoka nimemtoa, simwoni anavyobadilisha uamuzi wowote. Usingizi wa madereva umeingia, msimamizi ni sajini wa platuni kuanzia saa nane hadi saa mbili usiku. Wa mto nimeandika hivi: "Koplo wa seksheni ya kwanza atasoma alama ya maji kila nusu saa kuanzia saa tatu usiku na kutoa taarifa kwa redio. Atatoa amri ya mikanda mahali pa kungojea. Ataongoza magari kuingia majini. Atahesabu watu ng'ambo."

Kofia_Kijani, taa ndogo za nyuma nimeziacha kwa kilomita 20 za kwanza tu, baada ya hapo zinazimwa na mwendo unashuka. Nitamweleza mkufunzi kwa nini.

---

Mzee_wa_Mipango

Nyoka umefanya vyema, mwache daktari ashughulike naye kwenye kiambatisho chake.

Msome tena huyo koplo wako. Saa saba usiku yupo ukingoni anasoma mti, yupo mita 500 nyuma anatoa amri ya mikanda, yupo majini anaongoza magari, na yupo ng'ambo anahesabu watu. Mwachie mti na redio basi. Mikanda mpe kamanda wa kila gari, kuongoza mpe koplo wa seksheni ya pili, kuhesabu ng'ambo mpe sajini wako. Halafu wapeleke wote mahali hapo mchana, kila mmoja asimame atakaposimama usiku na kusema kwa sauti anachofanya. Ukitoka hapo ndipo ulipeleke jedwali juu.