Tupeane uzoefu: kanisa na mjane anayenyang'anywa shamba

Mwanzisha uzi
Wapendwa, Bwana asifiwe. Huku Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, matanga yakiisha tu, mashemeji wanaanza kupima shamba kwa hatua. Kanisa linapeleka debe la mtama na maombi, basi. Neema tuliyopewa bure mbona inaishia mlangoni pa mjane, haifiki kwenye baraza la ardhi? Mnaofanya kazi hii mnaanzia wapi? Naomba hatua, ushuhuda tuuache kwa Jumapili.

Diakonia
Anzeni shambani, ofisi baadaye. Nendeni mavuno yakishatoka, kabla ya mvua za Desemba, ardhi ikiwa wazi. Tembeeni mpaka pamoja na majirani wa pande zote. Mipaka mingi huku ni minyaa, ile miti ya uzio yenye utomvu, na mnyaa haufi kirahisi: ukikatwa, kisiki huchipua. Fuateni machipukizi yaliyokaa mstari mmoja, pigeni picha, majirani waweke saini au dole gumba siku hiyohiyo. Mkiwaacha walale, asubuhi wameshafikiwa na mashemeji. (Utomvu wake msiuguse mkajifuta macho, ni balaa.)

Msaidizi wa kisheria, Kongwa
Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, wanawake 3. Kazi yake ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 hata la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu hapo kata, mjane anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo tarehe ya kufungua lalamiko iandikwe na nakala abaki nayo. Asiye na tarehe huzungushwa "njoo wiki ijayo" mpaka anachoka. Wakisema mila hairuhusu mwanamke kumiliki ardhi, msipige kelele. Fungueni kifungu cha 20, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: mila ya namna hiyo haina nguvu.

Katekista
Mirathi nayo. Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, ndipo mahakamani. Marehemu kama aliishi kikristo, muulizeni karani kwanza shauri lifunguliwe mahakama ipi. Yapo yaliyofutwa kwa kuanzia pasipo penyewe. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 kurudisha orodha ya mali na hesabu. Hapo ndipo shemeji mjanja, akiwa ndiye msimamizi, hunasa.

Mzee wa kanisa
Kosa kubwa ni mchungaji kugeuka hakimu. Kanisa lisindikize: watu wawili, mmoja mwanamke, wasiwe wa ukoo ule, nauli itoke mfuko wa diakonia (huduma ya kanisa kwa wahitaji). Na mimbarani isomwe Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi wakidai urithi wa baba yao mbele ya Musa, na Bwana akasema wamenena haki. Shemeji naye yumo kwenye benchi, na neema ni yake pia. Asitengwe, aambiwe ukweli.

Mwanzisha uzi
Na shemeji akiwa ndiye mzee wa kanisa?

Diakonia
Atoke kwenye kikao cha wazee kinachojadili shamba hilo, na muhtasari useme alitoka. Akigoma, barua kwa mchungaji, nakala abaki nayo mama.