Naomba ushauri: nataka kwenda Mombasa peke yangu siku tatu, sina mwenyeji

Fundi wa Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dada wa miaka 31, fundi cherehani hapa Tanga. Nimezaliwa Ngamiani, nimekulia Ngamiani, na mbali nilikowahi kufika ni Dar. Mwisho wa mwezi nataka nifunge kibanda changu siku tatu niende Mombasa, nilale siku mbili, nirudi. Peke yangu.

Najua wengi humu mna shangazi Majengo au mjomba Likoni. Mimi sina mtu kule. Kaka yangu mkubwa amekataa katakata. Anasema mwanamke haendi mji wa watu bila mwenyeji, na mji wenyewe ni kisiwa, likitokea la kutokea nitatokaje. Simlaumu, najua ni hofu ya kunipenda.

Sababu ya safari ni hii. Mama yetu alifariki mwaka jana. Sandukuni mwake tulikuta upande mmoja wa kanga (yeye aliita leso mpaka mwisho wake), nyekundu na nyeusi, pindo lina korosho, jina lake WEMA HAUOZI. Kando kabisa kuna maandishi madogo: K.H.E. – MALI YA ABDULLA. Upande wa pili haupo. Mama aliniambia aliinunua Mombasa akiwa msichana, kabla hajaolewa, alipanda basi mwenyewe akaenda. Nataka nipite alikopita, na Mungu akijalia nipate mwenzake.

Nina laki tatu. Inatosha? Niende na hati gani? Nilale upande gani wa mji? Na kwa mwanamke peke yake, kukoje? Naomba mniambie ukweli.

Dereva wa Horohoro

Dada, pole kwa msiba. Njia hiyo nimeiendesha miaka mingi, nikueleze.

Kama una pasipoti, hiyo ndiyo nzuri. Kama huna, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa uombe hati ya dharura ya safari, inakutosha kwa Kenya. Usingoje siku ya safari, nenda wiki mbili kabla. Chukua na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kuna siku wanaiulizia na kuna siku hawaiulizii, na siku usiyokuwa nayo ndiyo wanayoiulizia. Viza kwa Mtanzania haihitajiki.

Usafiri una njia mbili. Basi la moja kwa moja la Mombasa, au gari dogo hadi mpakani Horohoro, unavuka, halafu matatu kutoka Lungalunga, upande wa Kenya, mpaka Likoni. Kwa mara ya kwanza, tena peke yako, panda basi. Pale mpakani siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Hakikisha umegongewa mhuri kabla hujarudi garini. Nimeshawaona watu wanaufuata umati, wanapita bila mhuri, wakati wa kurudi wanahangaika saa nzima.

Pesa badilisha kidogo tu mpakani, ya kula na tuktuk. Hesabu mwenyewe noti moja moja mbele ya aliyekupa, hata akikuharakisha.

Mama Mwanaidi

Mwanangu, kaka yako ana haki ya kuogopa, lakini nenda. Nilikwenda nikiwa na umri kama wako, nimefiwa na mume, na safari ile ilinirudishia usingizi.

Fika mchana. Hilo ndilo nitakalolirudia hata ukinichoka. Toka Tanga asubuhi na mapema ili saa nane mchana uwe umeshatua mzigo chumbani. Mji usioujua usiuingie usiku, hata uwe mji mzuri namna gani. Weka nafasi ya chumba kwa simu kabla hujatoka, muulize mhudumu bei na kama usiku kuna mlinzi mlangoni, na jina la nyumba ya wageni umwachie kaka yako. Kila jioni mpigie, hata kama amenuna. Mtu aliyekataa akipigiwa kila jioni hofu yake hupungua, safari ya pili atakusindikiza mwenyewe stendi.

Na ujisitiri kama ulivyozoea hapa. Mji wa Kale watu wake ni kama wa kwetu, ukisalimia vizuri unapata bibi wa kukuelekeza kila kona.

Kijana wa Kibokoni

Dada, waogopa nini na sisi tupo? Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, nasoma uzi huu nimekaa barazani kwetu.

Kwanza hiyo leso. K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, duka la leso la Mtaa wa Biashara, la tangu karne ya kumi na tisa, na lipo mpaka leo. Wenyewe ndio wanaotajwa kuanzisha kuandika majina kwenye leso. Kwa hiyo mamako hakununua popote tu, alikwenda kwenye chimbuko. Ukifika mtaa ule, duka baada ya duka ni leso zimetundikwa mpaka barabarani. Usianzie kwenye kununua. Itandaze yako mezani, waambie wasome pindo. Wazee wa pale huitambua leso kwa pindo lake kabla ya jina. Ila nikwambie mapema usije ukavunjika moyo: michoro hutolewa na kuachwa, na leso ya zamani hivyo huenda isipatikane tena.

Panga siku vizuri. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala, na Jumapili mengi hayafunguliwi. Ukija Alhamisi, ukaondoka Jumamosi, hukosi kitu.

Lala kisiwani, usilale Likoni wala Nyali. Kisiwa chenyewe si kikubwa. Ukiwa karibu na Mji wa Kale, Mtaa wa Biashara na Fort Jesus wavifikia kwa miguu. Ngome hiyo Wareno waliianza 1593, na Waomani waliizingira tangu 1696 mpaka 1698 ndipo wakaichukua. Beba hati yako mlangoni, raia wa Afrika Mashariki ana bei yake tofauti na ya mzungu. Nenda asubuhi, mchana mawe yale yanachoma. Jioni panda tuktuk mpaka bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, chini ya mibuyu, ule muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, utazame meli zikiingia bandarini. Watu wa kwetu huja na watoto wao pale, hutajiona mpweke.

Jambo la bei linawachanganya sana watu wa Tanga. Mtu akikwambia "mia mbili" usione kama ni chenji. Shilingi moja ya huku ni karibu ishirini za kwenu, kwa hiyo mia mbili ni kama elfu nne. Patana na tuktuk kabla hujaketi. Na simu usiishike upande wa nje ukiwa ndani ya tuktuk, hapo ndipo vijana wa pikipiki huipokonya.

Asubuhi agiza mahamri na mbaazi za nazi. Ukisema mandazi wataelewa, lakini sema mahamri.

Mpenda Pwani

Mimi ningekushauri usubiri upate mwenzako. Peke yako mtu unakula peke yako, unaona kitu kizuri huna wa kumwambia. Hofu yangu ni upweke kuliko wezi, hasa kwa mtu aliyefiwa.

Fundi wa Ngamiani

Nashukuru wote. @Mpenda Pwani nimelifikiria sana neno lako. Lakini nikienda na mtu nitakuwa namhudumia yeye, nimekuwa nikiuguza miaka miwili. @Dereva, na feri ya Likoni je? Mama alikuwa akiisimulia feri kuliko mji wenyewe.

Dereva wa Horohoro

Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, gari likipita huko linaingia mjini bila feri. Likipita Likoni, abiria wanashuka na kuvuka kwa miguu, na kwa mwenda kwa miguu feri ni bure. Geti likifunguliwa watu hushuka ule mteremko kwa kasi. Wewe kaa pembeni, begi mbele kifuani, waache watangulie. Feri zinapishana, hukosi nyingine. Basi likipita Dongo Kundu, siku ya pili panda tuktuk mpaka kivukoni, uvuke na kurudi, basi.

Fundi wa Ngamiani

Wakuu, nimerudi jana. Nimefika salama, nimerudi salama.

Basi lilipita Dongo Kundu, kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilifanya kama Dereva alivyosema, nikavuka Likoni na kurudi mara mbili. Ule mlio wa chuma sakafu ya feri inapogusa ukingo, mama alikuwa akiuigiza kwa mdomo tukiwa watoto. Sikujua kama ni sauti ya kweli. Nililia kidogo pale, mama mmoja mwenye kapu la samaki akanishika bega hakuniuliza kitu.

Kosa langu lilikuwa mpakani. Mbadilishaji pesa alinihesabia haraka, nikaona haya kurudia mbele ya watu, nilipofika chumbani nikakuta pungufu shilingi mia tano za Kenya. Dereva ulinionya.

Mtaa wa Biashara nilikwenda Alhamisi alasiri na tena Jumamosi. Mwenzake hakupatikana, mchoro huo hautoki tena. Lakini mzee mmoja kwenye duka dogo aliigeuza leso, akaacha pindo na jina, akatazama ukingo. Akaniuliza nani aliyepinda. Mimi ni fundi, nimeishika leso hiyo mwaka mzima, nilikuwa natazama maandishi tu. Doti huuzwa pande mbili zimeungana, mwenyewe ndiye anayekata na kupinda. Upindo ule ni wa mkono, mishono midogomidogo, inapinda kushoto kila baada ya vidole vinne hivi. Mama alikuwa akishona kwa mkono wa kushoto. Nimenunua doti moja mpya, sijaikata.

Mama Mwanaidi

Mashallah mwanangu. Na kaka je?

Fundi wa Ngamiani

Alikuja kunipokea stendi ya Kange, akabeba begi. Ameomba aione leso.

Binti wa Pangani

Dada hongera. Na mimi nataka kwenda mwezi ujao. Hati ya dharura ulipata kwa siku ngapi, na chumba ulilala upande gani?

Fundi wa Ngamiani

Nilitumia pasipoti ya mdogo wangu wa kike kama mfano wa kujazia fomu, nikaona bora na mimi nichukue pasipoti kabisa, kwa hiyo hati ya dharura muulize Dereva. Chumba nilipata dakika chache kwa miguu kutoka Fort Jesus, ghorofa ya pili, kuna mlinzi na mama mwenye nyumba analala hapohapo. Omba chumba cha upande wa nyuma, barabara ina kelele za tuktuk mpaka usiku. Na ukifika mpakani hesabu pesa yako mara mbili, usione haya.